Sauti ya Mama Baada ya Mawaidha

Mama yangu aliimba buraanbur, mashairi ya wanawake yanayoimbwa harusini kwa ngoma. Kutoka Garissa mpaka Kotile, harusi bila yeye ilionekana nusu. Alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Abti, mjomba wangu, akasema kaseti zote za mama amezichoma, marehemu asije akateseka kaburini kwa ajili ya nyimbo. Nikaamini. Baada ya miaka michache sauti yake ilinitoka kichwani kabisa. Uso ulibaki, sauti hapana.

Mwaka huu habaryar, mdogo wake mama, alikuja kutoka kambi ya Ifo na mfuko wa kaseti za mawaidha. Redio yake ilikuwa imekufa, akataka nimtilie mawaidha kwenye simu. Nikaazima redio ya jirani, nikaweka simu irekodi mbele ya spika, nikaendelea kufua nepi za binti yangu. Sheikh akaongea weee, akaomba dua, akamaliza. Kanda ikakwaruza.

Mama yangu akaanza kuimba.

Katikati ya ubeti! Nepi ilinitoka mkononi. Ngoma, vigelegele, halafu akakatisha wimbo, akacheka: "Nileteeni huyo anayelia. Ana njaa tu, kama baba yake."

Anayelia ni mimi.

Habaryar alikuwa anakunywa chai.

"Ulijua?"

"Si ni mabaki tu, habaryar," akaniambia, maana kwetu mama mdogo au mjomba na mtoto wa dada yake huitana jina moja. "Abti yako hakuchoma. Alirekodi mawaidha juu ya nyimbo, marehemu apate thawabu, akanipa mimi. Mawaidha ikiisha, kanda bado. Sasa hiyo kidogo itaenda wapi?"

Miaka yote hiyo habaryar, akipika mikate yake ya anjera, amemsikiliza mama yangu, mimi nikijua kaseti ni majivu.

Nikampigia abti. Mikono ilikuwa bado na povu.

"Uliniambia umechoma."

"Punguza sauti, abti. Nilimsaidia dada yangu."

"Na mimi ulinisaidia nini?"

"Wewe ulilia, ukanyamaza. Rudisha hizo kaseti."

"Njoo uzichukue mwenyewe, kama wewe ni mwanamume."

Nikakata. Nikazisikiliza zote mpaka mwisho. Moja ilikuwa na wimbo mzima. Nyingine, kikohozi cha mama na ngoma. Ya mwisho sheikh hakuchoka: alihubiri mpaka kitufe kikaruka. Nikageuza upande wa pili, yeye tena. Nikabandua karatasi ya mawaidha kwenye kaseti kwa kucha, na chini yake kulikuwa na mwandiko wa zamani wa mama. Habaryar hakusoma shule, akaniuliza kumeandikwa nini.

"Harusi ya mdogo wangu."

Akaweka kikombe chini.

"Yangu?"

"Wewe ndiye mdogo wake wa pekee."

"Wallahi, alinisifu tangu nywele mpaka kisigino. Nimekuwa nikiitamani hiyo." Akaitazama ile kaseti. "Kaka aliniambia iliungua kabla ya msiba."

Halafu akaninyang'anya simu, akaniamuru nimtafutie namba ya kaka yake.