Baroni Iko na Régime

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimetoka katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, mwaka ambao risasi ziliukata katikati, na niliweza kulitaja neno la Kilatini la mbwa katika sura zake zote, umoja na wingi. Daktari Mkuu wa kliniki ya wanyama, Mbelgiji mwenye nyusi kama brashi ya viatu, aliitazama ile tai, akaingia stoo, akarudi na upawa uliofungwa kwenye ufito mrefu.

“Weye kutoka université? Bon. Université, kamata hii. Fuata imbwa ile. Kama inainua muguu, weye kutega.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani ya utabibu wa wanyama. Asubuhi nzima nilimnyatia mbwa mmoja mnene, mfupi wa miguu, kuzunguka ua wa kliniki, upawa mbele, tai ikipepea nyuma. Kila nilipomkaribia alishusha mguu na kunitazama kwa huruma. Alipokubali hatimaye, nusu iliingia ndani ya upawa na nusu ndani ya kiatu changu. Daktari Mkuu alisema nusu inatosha.

Mbwa huyo aliitwa Baroni, na jina langu tangu siku ile likawa Université.

Ninyi vijana mnaosoma haya mjue kwamba mji wetu uliitwa bado Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi, ina bendera yake na stempu zake. Kila bunduki ziliposikika, Wazungu kadhaa walipakia magari na kushika njia ya Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Magodoro yalipata nafasi garini, cherehani ilipata, hata kasuku alipata. Mbwa alifungwa kwenye lango letu, pengine na blanketi lake, na gari likaondoka.

Mbwa wazima hawakulala kwetu. Mji ulikuwa na hofu, na mbwa mkubwa mwenye sauti nene alipata bwana mpya kabla kamba haijafunguliwa. Waliobaki ni wale ambao mwizi angewapapasa kichwa: kipofu, mwenye miguu mitatu, mwenye kifafa. Kazi yetu ilikuwa kuwatibu, kisha kuwatafutia nyumba, na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ngumu.

“Kuponesha iko nusu ya kazi,” Daktari Mkuu alinifundisha. “Nusu ingine iko kusifu.”

Basi nilisifu. Kipofu nilimpeleka kwa seremala, nikamwambia mbwa huyu anasikia mchwa ndani ya ubao. Wa miguu mitatu alichukuliwa na katekista mzee aliyekuwa amechoka kuvutwa na mbwa wa miguu minne. Wa kifafa alikwenda kwa nesi wa uzazi, mtu asiyeamini kwamba kila anayetetemeka ana pepo. Alimpa kidonge chake kila siku ndani ya tonge la bukari, huo ugali wetu, na mbwa akadhani anapendelewa.

Lakini Baroni hakuna sifa iliyomfaa. Baroni alikuwa na kisukari. Mwili wake ulishindwa kuitumia sukari, ikamwagika yote kwenye mkojo. Alikunywa maji kama gari bovu. Alihitaji insulini, dawa ya sindano, kila asubuhi chini ya ngozi ya shingo. Alihitaji chakula cha kupimwa: nyama kidogo, majani, bukari hapana. Na alihitaji ule upawa. Mkojo tuliuchanganya na maji ya bluu ya mrututu, yaani chumvi ya shaba, tukachemsha katika kichupa cha kioo. Yakibaki bluu, mgonjwa yuko salama. Yakigeuka kijani, kuna sukari kidogo. Yakifika njano, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu ya tofali, tayarisha maneno ya kumfariji mwenye mbwa.

Insulini lazima ikae kwenye baridi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hospitali iliishiwa na majokofu ikaomba la kwetu, na hatukuwa na uso wa kukataa.

“Ijumaa friji kwenda,” Daktari Mkuu alisema, akifuta miwani ambayo ilikuwa safi. “Kama Baroni hapana kupata nyumba yenye baridi, mimi kumupiga sindano ya mwisho. Hapana kumuacha kufa polepole.”

Nikamfunga Baroni kamba, tukaanza kutafuta friji. Mitaani kwetu friji ilikuwa kitu cha kuonyeshwa wageni. Mwenye nayo hakutaka mbwa, na mwenye kutaka mbwa alikuwa na mtungi. Alhamisi, miguu ikituuma sote wawili, tuliingia kwa Mama Veronika, mjane mwenye baa pale mtaa wa Kamalondo. Friji yake ilikuwa ya mafuta ya taa, nyeupe, ndefu, imesimama nyuma ya meza kama bibi harusi.

“Mama, minakuletea mugeni.”

Baroni alikuwa tayari amekaa juu ya kiatu changu. Mama Veronika alimtazama kutoka mbele, kisha kutoka upande.

“Huyu iko imbwa ao iko muto ya kulalia?”

“Iko imbwa, Mama. Iko na sukari.”

“Sukari ya mu mwili?”

“Ya mu mwili.”

Alifungua friji, akasogeza chupa za bia. Kwenye rafu ya juu palikuwa na kikopo cha bati, kitupu, kimefutwa vizuri.

“Hii fasi ilikuwa ya dawa ya baba ya batoto yangu,” alisema. “Friji tuliinunua juu ya dawa yake. Bière iliingia nyuma, yeye akisha kufa, juu friji isisikie bukiwa.”

“Basi sindano unajua kupiga?”

“Nilipiga muntu mwenye alikuwa anatukana kila asubui. Huyu hata kutukana hajue. Leta.”

Nilirudi kliniki nikiimba. Ijumaa friji yetu iliondoka, Baroni akahamia baa, na sindano ya mwisho haikupigwa.

Furaha hiyo ilidumu hadi kipimo cha kwanza: nyekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba katika mji wetu mtu hapendwi bila kulishwa, na baa ni mahali pa mapenzi mengi. Huyu alidondosha tonge la bukari, yule mkia wa samaki, mwingine alimmiminia munkoyo, kinywaji chetu kitamu cha mahindi, kwenye kisahani cha majivu. Kila mmoja alitoa kidogo tu, na wote waliapa hawajatoa.

“Banaume, munaniulia imbwa!” Mama Veronika alifoka.

“Mama, iko inaniangalia,” fundi baiskeli mmoja alijitetea.

“Hata bibi yako anakuangalia. Unamupa nini?”

Walicheka, wakaendelea kudondosha. Baroni alianza kulala mchana kutwa, na makalio yake yalianza kukonda ingawa tumbo lilibaki. Nilijua dalili hizo. Nikaamua kutumia elimu yangu. Nilichonga kibao, nikakipaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi za chuo kikuu, nikamvika shingoni:

MUSINIPE CHAKULA. NIKO NA RÉGIME.

Neno hilo tulilitwaa kwenye Kifaransa likiwa na matumbo mawili. Régime ni mpango wa chakula wa mgonjwa. Régime ni serikali pia. Na “niko na” katika Kiswahili cha kwetu ni kuwa na kitu, na ni kuwa upande wa mtu. Kati ya watu wote wa Kamalondo, mmoja tu hakuliona tumbo la pili, naye ndiye aliyesoma Kilatini. Wanywaji waliliona mara moja: kiumbe mnene, analala saa za kazi, kila mtu anahangaika kwa ajili yake, na ametangaza yuko na régime. Wakaanza kumwita Excellence, yaani Mheshimiwa. Watu walikuja kutoka mtaa wa Katuba kumwamkia.

Jumamosi mchana, nikiwa pale na upawa wangu, aliingia sajenti wa jandarmu, jeshi la Katanga, na askari wake wawili. Gramafoni ilinyamazishwa. Sajenti alichuchumaa mbele ya Baroni, akasoma kibao kwa sauti, akarudia.

“Nani aliandika hii?”

Baba yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na jina lake nililibeba mimi. Siku hizo watu wa Kasai walihesabiwa kuwa maadui wa Katanga, na jina la huko lilifungua mlango mmoja tu, wa kuingilia jela. Niliinua mkono. Ulikuwa na upawa.

“Miye, chef. Niko infirmier, minatunza banyama.”

“Iko na régime gani? Ya Léopoldville, ao ya hapa?”

Nilipima majibu yote mawili. Nikisema ya Léopoldville, mji mkuu wa nchi tuliyojitenga nayo, mimi na mbwa ni wasaliti. Nikisema ya hapa, nimeita serikali mbwa mnene.

“Ya chakula, chef. Iko mugonjwa ya sukari.”

“Imbwa na sukari! Minaona tumbo, unaniambia ni mugonjwa? Onyesha. Ukishindwa, tunaenda na weye, na imbwa, na kibao.”

Basi baa nzima ilitoka uani kumsubiri Baroni akojoe. Hakuwa amewahi kutazamwa hivyo; alikaa chini, akaona haya. Mama Veronika alianza kumfanyia “sssss”, kama mama anavyomsaidia mtoto. Fundi baiskeli akaitikia. Punde uani pote pakawa “sssss”, mpaka askari mmoja mwenye bunduki akajiunga, akasahau kazi iliyomleta. Baroni akasimama, akatembea taratibu hadi kwenye jipu ya jandarmu, akainua mguu kwenye gurudumu. Sijawahi kutega upawa vizuri kama siku ile.

Niliweka kichupa juu ya jiko la makaa. Sajenti aliinama.

“Bleu,” alisema, akatema mate. “Rangi ya bale ba kofia.” Alimaanisha askari wa kigeni wenye kofia za bluu, waliokuwa mjini kuimaliza Katanga yake.

Maji yalichemka. Yakawa kijani. “Eh!” Yakawa njano, yakawa chungwa, yakawa mekundu kama tofali, na wekundu ukaanza kutua chini. Nilimwogopea Baroni, nikajiogopea na mimi, na mtu wa chuo kikuu akiogopa huanza kufundisha.

“Ile nyekundu, chef, ni shaba. Mu dawa muko shaba, sasa sukari inaitoa mu maji, inaishusha...”

“Shaba?”

“Shaba, chef.”

Alisimama wima. Baadaye nilijua kwamba baba yake alizeeka kwenye tanuru la kuyeyushia shaba.

“Munaona, bantu? Bleu imekimbia! Vert iko, rouge iko, rangi ya drapeau yetu, na chini kabisa shaba yetu! Hii imbwa iko Mukatangais ya kweli!”

Bendera ya Katanga ilikuwa kweli na kijani, nyekundu na shaba. Akapiga saluti. Baroni alikuwa anajikuna sikio.

Nilikuwa na akili ya kutosha kufunga mdomo. Mama Veronika alikuwa na ya kuzidi.

“Sasa chef, huyu Mukatangais, hawa banaume banamupa bukari kila siku. Banamuua.”

“Nani?” Wanaume wote walichungulia ndani ya bilauri zao. “Ni ordre! Muntu atampa hii imbwa chakula, nitamufunga miye mwenyewe.”

Amri ilifanya kile ambacho kibao na sayansi vilishindwa. Tangu siku ile watu walikula wakimpa Baroni mgongo, kama mtu anavyokula mbele ya mtoza kodi. Nyekundu ikawa chungwa, chungwa ikawa kijani, na asubuhi moja, jikoni kwa Mama Veronika, maji yalichemka yakabaki bluu. Baroni alikuwa nje akikimbiza kuku.

“Iko bleu, Université?”

“Bleu, Mama. Usiseme kwa nguvu.”

Maana uzima ulikuwa na rangi ya adui. Sajenti alipopita na kuuliza, “Mukatangais anaendelea aje?” Mama alijibu, “Iko ku rangi yake, chef!” kisha akaingia jikoni, akaziba mdomo kwa kitenge, akacheza. Nilipomsimulia Daktari Mkuu, alicheka hadi miwani ikaanguka. Siku alipoondoka nchini alinikabidhi ule upawa. “Diplôme yako,” alisema.

Katanga ikaisha, kofia za bluu zikajaa barabarani. Siku moja mtu mwenye shati la kiraia aliingia kwa Mama Veronika, akaomba bia kwa sauti ndogo, akauliza kama mbwa bado yuko. Tulimpeleka jikoni. Nilichemsha mbele yake. Alisubiri rangi igeuke, haikugeuka.

“Amebadili upande?”

“Hapana, chef. Bleu njo uzima. Ilikuwa vile tangu mwanzo.”

“Basi ile siku nilimupigia saluti...”

“Alikuwa karibu ya kufa, chef.”

Aliiweka chupa chini. Halafu kicheko kilimtoka, kirefu, mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na Baroni akaja akakaa juu ya kiatu chake.

“Lakini ordre yangu ilikuwa muzuri.”

“Ordre yako njo ilimuponesha.”

Hapo alijisahau, akatoa karanga mfukoni.

“Chef!” Mama Veronika alisema.

Mkono ukarudi mfukoni. “Ordre ni ordre,” alisema yule ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwamuru.

Baroni alizeeka pale, bluu hadi mwisho. Mimi nilirudi chuo kikuu, kisha nikapelekwa machinjioni chini ya Inspekta wa Nyama, aliyesema daktari mzuri hunusa kabla ya kuongea. Kisha Kipushi, mpakani, kuchanja mbwa dhidi ya kichaa chao. Mkuu wa kule alitaka nimweleze mbwa gani ni wa nchi gani. Nilimwambia hawajui wenyewe. Nimestaafu mapema kidogo, kwa sababu idara ilikufa kabla yangu. Sasa naandika insha, kazi isiyo na upawa.

Upawa wenyewe unaning’inia jikoni kwetu, na ni marufuku kupakulia nao maharage. Mwaka huu daktari wa watu amenipima, akaniambia nina sukari. Mke wangu amechukua cheo cha sajenti: bukari hapana, munkoyo hapana. Wageni wakinisukumia sahani, najibu kwamba niko na régime. Wakiuliza ipi, kwanza natazama ni nani anayesikiliza.