Mama wa R na Mama wa L

Mtendaji wa kijiji alimpigia mama simu akamwambia anadaiwa na serikali shilingi laki moja na elfu arobaini na nne. Mama akanipigia mimi. Nilikuwa Nyantakara, nimekaa juu ya magunia yangu ya maharage, nikamjibu kwamba wanaodaiwa na serikali ni wenye magari, si wenye mbuzi wawili. Akasema mbuzi ni mmoja, yule mwingine alikufa. Hapo nikajua jambo ni zito, maana mama huwa hanisahihishi hesabu.

Yumo kwenye orodha ya kaya maskini. Kila baada ya miezi miwili hupewa elfu ishirini na nne, na hiyo ndiyo dawa yake ya presha, chumvi, sabuni, na kibarua wa kumpalilia migomba kwa kuwa mgongo umegoma. Mimi huongezea ninapoweza. Nikipiga hesabu, na huwa napiga mara mbili, ninapoweza si mara nyingi.

Nilipanda gari mpaka Ngara, nikalala kwake, asubuhi tukaenda kwenye ofisi ya malipo hayo. Alivaa kitenge cha kanisani. Nikamwambia hatuendi misa. Akasema kote ni kwenda kuomba.

Afisa alikuwa kijana mpole, ananukia sabuni nzuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaona tumeanza vizuri. Akafungua daftari la malipo, akatugeuzia. Mama yangu alikuwamo mara mbili.

Jina lake sitaliandika hapa, limeshaandikwa vya kutosha. Katikati lina herufi moja ambayo kwetu kila mtu huitamka alivyojaliwa, huyu R, yule L, na ukiitwa vyote viwili unaitika tu, unaendelea na jembe lako. Mwandikishaji wa kwanza alisikia L. Orodha ilipohakikiwa akaja mwingine, akasikia R, kama ilivyo kwenye kadi ya mama ya mpiga kura. Badala ya kufuta la kwanza, wakaongeza la pili. Malipo sita yakatoka mara mbili. Mama wa R alichukua zake, na mama wa L naye akachukua.

"Za huyu wa L alichukua nani?" nikauliza.

"Bibi mwenyewe. Si ndiye huyo huyo?"

Nikahesabu mistari. Sita ya R, sita ya L. Nikahesabu tena, nikaona kitu. Kwenye R kulikuwa na sahihi. Mama alisoma ngumbaro, na tangu ajue kuandika hasaini kwa mkato. Anaandika jina zima, herufi moja moja, ulimi nje, huku foleni ikisonya nyuma yake. Kwenye L kulikuwa na dole gumba, wino umejaa, mara sita.

"Kaka, tazama. Mama yangu haweki dole. Siku akiweka dole, foleni nzima itamnunulia soda."

Alitazama kweli. Nilimwona akitazama.

"Dada yangu," akasema, "anayejua kuandika ana dole vilevile."

Nikamwangalia mama. Dole lilikuwapo.

"Basi lipimwe."

"Kifaa hatuna hapa. Andika barua ya malalamiko."

"Niiandikie nani?"

"Ofisi hii."

"Atakayeisoma?"

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Mimi."

Mama aliniuliza kwa Kihangaza tumefika wapi. Nikamwambia tumefika kwa yule tuliyeanza naye.

Halafu ofisi ikawa kimya, na kimya ndicho kilichoniponza. Miaka yote hii nanunua maharage Bukiriro. Ukitajiwa bei, ukanyamaza, unaonekana umeikubali. Kwa hiyo mdomo wangu umezoea kujibu namba yoyote kwa namba ndogo zaidi. Ukipunguza bei hujasema utanunua. Unaonyesha tu kwamba upo, huli majani. Nilitaka kusema hatudaiwi. Nikajisikia nikisema:

"Basi kaka, tufanye nusu."

Kalamu yake ikashuka kwenye karatasi. Ninajua kusoma maandishi kichwa chini, biashara imenifundisha. Aliandika: *Familia imekiri deni na kuomba kupunguziwa.*

"Hapana, futa hiyo. Sikukiri. Nilikuwa napatana."

"Dada, mtu hapatani deni asilodaiwa."

"Sokoni tunapatana hata tusichonunua!"

"Hapa si sokoni," akasema, na ni kweli, kwa sababu sokoni ningekuwa nimeshaondoka, naye angekuwa ananiita nirudi.

Akatoa fomu ya makato. Kila malipo watakata nusu, elfu kumi na mbili, mpaka deni liishe. Nikapiga hesabu: mara kumi na mbili, miaka miwili. Nikarudia, ikawa miaka miwili. Nusu yangu niliipata, ila kwenye malipo, si kwenye deni.

"Asiposaini?"

"Anaondolewa kwenye orodha. Jina la R. La L tumeshalifuta."

Nilimweleza mama taratibu. Nikamwambia tukikataa atakosa zote, tukikubali atakuwa amesema aliiba. Akauliza miaka miwili ni palizi ngapi. Nikamwambia. Akaivuta ile fomu.

Afisa alimsogezea kidau cha wino. "Weka dole tu, bibi, usijichoshe."

"Nina mkono," mama akasema kwa Kiswahili, akaomba kalamu.

Akaanza kuandika. Alikwenda vizuri mpaka katikati ya jina, akasimama. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Nilidhani mgongo. Kisha akamwinulia yule kijana uso, kama mwanafunzi anayeogopa kuchafua daftari.

"Mwanangu, niandike ipi?"

"Yoyote tu, bibi," akamjibu kwa upole. "Tunajua ni wewe."

Aliandika R. Akairudia kwa kalamu, ikakolea.

Tulirudi mpaka tukaiona migomba yake. Hapo akaniuliza kama yule mwenzake wa L ana watoto. Nikamwambia sijui. Tukaingia ndani, nikahesabu vidonge vya presha vilivyobaki. Vilikuwa kumi na kimoja. Sikuvirudia.