Siku Mama Aliponinyima Maziwa ya Safari

Kikohozi ndicho kilichonifikia kwanza, mwanangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai kule kwetu Boito, mzito kiasi kwamba sikuona hata mpaka wa shamba letu, na kutoka ndani yake mtu alikohoa, akanyamaza, kisha akakohoa tena kwa sauti ya mtu anayejiziba mdomo kwa kitambaa. Nakumbuka nilisimama njiani na ndoo ya maji mkononi, nikangoja. Ukungu ulipofunguka kidogo mama akatokea, kapu mgongoni, akatabasamu.

"Umeamka mapema, Chebet."

"Nani huyo anakohoa?"

"Wachumaji wa hapo chini. Baridi imewaingia."

Nikaichukua ndoo yangu nikaenda. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu chuo kikuu, na kichwani mwangu hakukuwa na nafasi ya kikohozi cha mtu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma ng'ambo kwa muhula mmoja. Somo lenyewe liliitwa afya ya kimataifa: jinsi ugonjwa unavyotoka kijiji kimoja na kuvuka mipaka, kwa nini dawa inayojaa rafu za nchi moja inakosekana nchi nyingine, jinsi ya kupeleka chanjo mahali pasipo na barabara. Ninyi siku hizi mnaletewa habari za nafasi kama hizo kwenye simu, mpaka mnachoka kuzisoma. Sisi tulisikia moja, na tukaizungumzia kwa kunong'ona, kama ndege anayeweza kuruka ukimtazama sana.

Jumapili kabla ya safari watu walikuja nyumbani kuniaga. Mzee wa kanisa akaomba. Mama Njeri, mwenye duka pale sokoni, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakahamia kwetu kabla mimi sijazaliwa, alileta blanketi na mikate, akaniambia mbele ya watu wote, "Ukifika huko uangalie vile wanapika chai yetu. Nasikia wanatumbukiza karatasi kwenye maji, wanatoa, basi. Uwafundishe kabla hawajakufundisha."

Watu wakacheka. Mama pia alicheka, ila nikaona amegeuka ukutani kumalizia kicheko chake.

Halafu senge akasimama. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha fariki, yeye ndiye aliyeshika usukani wa mambo ya ukoo. Alikuwa Mkristo wa kwaya, lakini kulikuwa na jambo moja la wazee ambalo hakuliacha. Kwetu, mtoto anayekwenda mbali hupewa baraka ya maziwa. Mzazi wake huweka funda moja mdomoni kutoka kwenye kibuyu, halafu humpulizia mtoto kifuani, matone madogo tu kama manyunyu. Mtoto anaondoka na unyevu huo kwenye nguo, hajifuti. Safari isiyo na maziwa hayo, watu wa kwetu huitazama kwa jicho la wasiwasi.

Nikapiga magoti. Senge akampa mama kibuyu. Mama akakipokea, akakitazama, akakirudisha.

"Fanya wewe," akasema.

"Mimi nimemzaa?" senge akauliza. "Shika."

"Fanya wewe, senge yake."

Nilisikia kuku wakichakura nje. Senge akasogea karibu, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, ile sauti iliyotuogopesha tangu utotoni. "Mama Chebet, huyu mtoto amekukosea nini? Sema mbele ya watu, tuwapatanishe. Au una roho gani, unamfungia mtoto njia?"

Mama alitoka kwa mlango wa nyuma.

Usinicheke, mwanangu. Nilikuwa nimeshasoma mapafu na moyo na damu, nilijua majina ya mifupa yote, lakini pale sakafuni niliogopa kama mtoto. Nilijiuliza ni neno gani nililomtamkia mama likamchoma hivyo. Nilipitia likizo nzima akilini nikitafuta kosa. Mzee wa kanisa alianzisha wimbo ili kuziba ukimya, wimbo wenyewe ukakosa wa kuuitikia. Nikainuka nikamfuata mama.

Nilimkuta nyuma ya jiko, ameegemea kuni, leso mdomoni. Akakohoa. Ndipo nikaijua ile sauti ya ukungu.

"Tangu lini, mama?"

"Ni moshi wa jiko."

"Tangu lini?"

Akainamisha kichwa. "Tangu mvua zianze." Kisha akanionyesha mkanda wa sketi yake, jinsi alivyoukunja na kuubana kwa pini ili isidondoke. Jambo hilo sikuwa nimeliona, mimi niliyekuwa naandaliwa kuona magonjwa ya dunia. "Nakoholea huko kwenye majani ili usisikie. Na usiku nalala jikoni. Nikunyunyizie maziwa na mdomo huu? Sitaki uende na kitu changu kifuani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeenda?" Akaniuliza kwa upole mno. "Nimepanga vizuri. Wewe panda ndege. Siku ukifika, mimi naenda hospitali. Wakinipima leo watakuuliza wewe nani, unalala wapi, utapimwa, utaandikwa, na wale watu wako wa ng'ambo watakukataa. Panda kwanza, mama."

Mwanangu, nitakuambia ukweli wa moyo wangu wa wakati ule: mpango huo ulinivutia. Ulikuwa umekaa vizuri. Hakuna aliyekuwa akidanganya, ilikuwa ni kunyamaza tu mpaka wiki ipite. Na senge, ambaye alikuwa ametufuata na kusikia yote kutoka pembeni, akaja akamshika mama mabega kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alikuwa analia. "Nisamehe mdomo wangu," akasema. Halafu akajipangusa, akasema, "Lakini anasema kweli. Mtoto asafiri kwanza. Hospitali itaenda wapi?"

Mama Njeri alikuwa amekuja nyuma kuaga, akayasikia maneno hayo ya mwisho. Alisimama na mkoba wake kwapani.

"Nyinyi mnapanga nini?" akauliza.

Senge akamwachia mama mabega.

"Mimi nawauliza kwa sababu naujua huo mpango. Mzee wangu alikohoa hivyo hivyo. Tukasema tungoje kijana amalize mtihani, tusimvuruge. Kijana akapita mtihani vizuri sana. Matokeo yalikuja, baba yake hayuko wa kuambiwa." Akanigeukia mimi. "Chebet, na huko unaenda kulala bweni moja na watoto wa watu. Kama mama yako amekupa hiki kitu bila kujua, utawapelekea wenyeji wako zawadi gani? Ama hujui hayo? Si ndiyo kitu unasomea?"

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia mama hatutangoja ndege.

Asubuhi iliyofuata tuliteremka hospitali, mama na mimi, tukakaa kwenye benchi na watu wengine wenye leso midomoni. Siwezi kukueleza urefu wa asubuhi ile. Kila nilipomeza mate nilihisi kitu kifuani. Nikivuta pumzi, naisikiliza. Niliogopa kwa ajili ya mama, na katikati ya hofu hiyo niliogopa kwa ajili ya nafasi yangu, na kisha nikaogopa kwamba mimi ni mtu wa aina hiyo, anayefikiria ndege huku mama yake akitoa makohozi kwenye kikopo.

Ilikuwa kifua kikuu. Picha yangu ya kifua ilitoka safi, lakini nikaambiwa nirudi kuangaliwa tena. Daktari aliyetuhudumia, kijana mwenye uso wa uchovu, alimweleza mama kwamba atapona akimeza dawa bila kuruka siku, na kwamba ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, hasa ndani ya chumba kilichofungwa, watu wakikaa pamoja siku nyingi. Kikombe na kibuyu si vya kuogopwa sana.

Mama akanigeukia. "Kwa hiyo maziwa hayakuwa na shida?"

"Shida ni vile tulikaa jikoni madirisha yamefungwa, mama. Likizo yote. Tukiongea."

Akafikiri kidogo. "Na ndiyo ilikuwa sehemu nzuri," akasema.

Nilimpigia mwalimu wangu simu kutoka dukani kwa Mama Njeri. Nikamweleza yote. "Umefanya vizuri kusema," akajibu. "Lakini kundi litaondoka bila wewe. Na siwezi kukuahidi kundi lingine, Chebet. Sitaki kukudanganya." Nikamshukuru. Nikaweka simu chini, na Mama Njeri akajifanya anapanga sabuni ili nilie.

Ile miezi iliyofuata ndiyo iliyonizeesha. Nilikuwa nikirudi kutoka chuo kila nilipopata nafasi, namtazama mama akimeza vidonge, nafungua madirisha, anayafunga kwa sababu ya baridi, nayafungua tena. Wenzangu waliokwenda walituma picha. Nilizitazama nikatabasamu mbele ya watu. Sikujua kama mlango ule utafunguliwa tena, wala hakuna aliyenipa uhakika, hata mchungaji. Mama aliponenepa kidogo, pini ya sketi ikatolewa, bado jina langu halikuwa limeitwa. Liliitwa baadaye, nikiwa nimeshaanza kujizoeza kutolitaraji.

Nilikwenda. Na huko, katika jengo refu la makao ya wazee kwenye mji wenye baridi kuliko Boito, walitupeleka kutembelea wagonjwa. Nilimkuta bibi mmoja aliyekuwa akificha vidonda vya miguu yake chini ya blanketi ili mwanawe asiache kazi kuja kumwuguza. Wanafunzi wenzangu walishangaa: mtu msomi, hospitali iko ng'ambo ya barabara, anaficha nini? Mimi sikushangaa. Niliketi karibu naye nikamwuliza mwanawe anaitwa nani. Alianza kueleza, na mwisho akalifunua blanketi mwenyewe.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe uliye chuoni na nafasi iko mbele yako. Iombe. Usiseme hizo ni za watoto wa Nairobi. Ukipata ya kwenda mbali, nenda. Ukipata ya kusoma kwa mtandao ukiwa huku kwetu Ndanai au Sigowet, soma kwa moyo ule ule, kwa maana magonjwa hayaulizi umesomea wapi. Kabla ya kukubali, uliza nani atakusimamia huko na watu wa mahali hapo watabaki na nini ukishaondoka. Usikubali kushika sindano ambayo kwenu hujaruhusiwa kuishika, eti kwa sababu wagonjwa wa huko ni maskini. Ukiulizwa habari za afya yako na ya nyumbani, sema kweli, hata kama kweli hiyo itakuchelewesha. Na kabla hujafunga sanduku, keti na watu wako mmoja mmoja, uwatazame vizuri, kwa sababu wanaokupenda ndio watakaokuficha mambo. Watakuficha kwa nia njema kabisa. Kazi yako ni kuuliza mara ya pili.

Nafasi inaweza kukupita ukifanya hivyo. Sitakuahidi kwamba itarudi. Yangu ilirudi, na nawajua ambao yao haikurudi. Bado nakuambia ufanye hivyo.

Baraka nitakayokupa ni ile ya maneno tu, niliyopewa mimi siku niliyoondoka. Mvua ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya sweta.

"Mungu akutangulie kwenye kila chumba utakachoingia," akasema. "Akupe masikio ya kumsikia anayekohoa kwa siri. Akupe mdomo usioogopa. Ukirudi utukute, na usipotukuta, usikute tuliyokuficha."

Nilitaka kumshika tena. Akanisukuma begani.

"Toka sasa, Chebet. Nikikutazama zaidi nitakuambia ubaki."

Nilipiga hatua moja tu nje, na kabla sijageuka, alikuwa ameshafunga mlango.