Bidoni Moja ya Maji ya Dawa

Vile vitoto vya samaki niliviua mimi, wala msimtafute mwingine, na aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya wageni nikiwaeleza kwa bashasha jinsi vinavyokua, kumbe vinakufa mbele ya macho yangu.

Kwa asiyejua kazi yangu: nachunguza jinsi mwili unavyojijenga ndani ya yai. Seli, vile vichembe vidogo tulivyoumbwa navyo, hazikai kimya. Zinasukumana na kuvutana kama watu wanaovuta wavu ufukweni, mmoja akilegea wote wanahisi. Tunakigusa kiumbe kichanga kilicho ndani ya yai kwa uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, uzi unapinda, nasi kwa kupinda kule tunajua seli zinasukuma kwa nguvu gani. Mayai tunayatoa kinywani mwa mama (ndiyo, wako samaki wa ziwa letu wanaolea kinywani), na mayai ya lile beseni nililowaonyesha wageni yalikuwa ya Furaha, mwanafunzi wangu. Alikuwa amebakiza vipimo vya siku mbili tu ili aitetee kazi yake ya shahada mwisho wa mwezi.

Siku hiyo tulikuwa tumewaalika wazazi na majirani waje kuona tunachofanya. Furaha alikwenda kumpokea baba yake, mkulima wa mpunga kutoka Kiringye, akaniachia neno moja: "Docteur, maji ya kubadilisha uchote kule penye mawe." Penye mawe ni mbali, jua lilikuwa kali, na mimi nina kitambi. Nikaenda ufuko wa karibu, wanakochota watu wote.

Pale, kwa sababu ya kipindupindu, hakuna bidoni, yaani dumu la maji, inayoondoka bila kutiwa dawa ya klorini ya kuua vijidudu. Nami Jumapili iliyopita nilikuwa nimesimama kanisani, mtaani Songo, nikaieleza dawa hiyo hadi watoto wakasinzia.

"Eh, Docteur! Leo bibi amekutuma maji?" mama mmoja akapaza sauti.

"Mwache, labda mke wake amempiga kwanza!" akajibu mwenzake, na foleni nzima ikacheka.

Mama Neema, anayetia dawa pale, akainua bomba lake la sindano. "Leta hapa, Docteur. Weye mwenyewe ulisema mu kanisa, bila dawa hakuna kupita."

Ningesema tu, haya ni ya samaki, yangekwisha. Lakini niliona watu wananitazama, nikawaza watasema namhubiria kila mtu dawa halafu mwenyewe naikimbia, basi nikatabasamu kama mjinga nikafungua kifuniko. (Hata nikamwalika aje kuona mayai yetu.)

Najua vizuri kabisa kwamba maji yale yanapaswa kukaa wazi juani muda mrefu, dawa ipae, kabla samaki hajayagusa. Lakini maji ya beseni yalikuwa yameanza kuchafuka, wageni walikuwa njiani, nikajiambia ni tone tu, nikamimina.

Wageni walichelewa kama saa moja. Walipofika nikaanza kueleza, na nikianza huwa sisimami, nikafika kwenye mfano wa wavu, watu wanaitikia kwa vichwa, ndipo baba yake Furaha akainama juu ya beseni.

"Docteur, mbona haya iko yanakuwa meupe?"

Niliyaona. Na hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko maji: nikasema, "Ah, mzee, hiyo ni hatua ya kukua."

Mzee akageukia majirani, kifua mbele. "Munaona? Mutoto wangu anajua mambo hii yote!" Wakapiga makofi.

Furaha hakupiga. Aliweka yai moja chini ya darubini, akatazama, akaweka jingine. "Docteur," akasema polepole, "moyo haiko inapiga. Maji ulichota wapi?"

"Penye dawa," nikasema.

"Yesu wangu!" Mama Neema akashika kichwa. "Kumbe ilikuwa ya samaki? Si ungeniambia tu, Docteur? Minye ningekuacha upite!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee hakucheka. Alimuuliza binti yake, "Sasa weye utamaliza lini?"

"Sijui, Papa."

Furaha alirudia vipimo vyote tangu yai la kwanza. Kikao cha utetezi kikampita, wenzake wakamaliza, yeye akawa bado anapanda kwenye mawe asubuhi na bidoni yake (mimi nikimfuata na ya pili, bila kuombwa). Juu ya beseni alibandika karatasi: "Docteur haruhusiwi kuchota peke yake." Sijaibandua.

Siku alipotetea hatimaye, mzee alikuja tena. Kabla hatujaingia ukumbini akainama juu ya beseni lile, akaonyesha yai moja lenye doa jeusi ubavuni. "Na hii, Docteur, ni hatua gani?"

Nilishafungua kinywa. Nilikuwa na maelezo mazuri kabisa.

"Sijui, mzee," nikasema. "Tumuulize Furaha."