Majina Yaliyomezwa

Nyundo ya kwanza ilipasua kioo cha kompyuta. Ya pili ilitua mezani, karibu kabisa na mkono wa Mama Kopi, na kikombe cha kalamu kikaruka. Aliyeishika alikuwa msimamizi wa ghala, mwanaume wa miraba minne, suti yake ya msiba imelowa damu isiyokuwa yake.

"Sema nani alikulipa uyafute yale majina," alisema, "au navunja vidole vyote."

Mama Kopi alijua hatanii. Kazi yake ilikuwa kuchapa na kutoa kopi, na vidole hivyo ndivyo vilivyomlisha mama yake aliyelala kitandani na kuwasomesha wanawe wawili, maana baba yao aliondoka zamani na hata salamu hatumi. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa shari kidogo, lazima niseme. Kompyuta yake ilikuwa nzee kuliko kitinda mimba wake, ikizubaa aliipiga makofi, na wateja wakimwambia anunue mpya aliwajibu kwamba ya kale ni dhahabu. Akiletewa mafaili ya siku hizi, ilimtolea onyo kwamba baadhi ya vitu huenda visionekane. Alibonyeza sawa, ikafungua, maisha yakaendelea. Nani ana muda wa kubishana na onyo?

Ndivyo alivyofungua ratiba ya mazishi ya baba yake msimamizi, aliyoiandika mwenyewe kwenye kompyuta mpya ya ghala. Mama Kopi alimwomba aikague kabla ya kuichapa. Akaambiwa chapa tu, dada, nina mengi.

Makaburini, watoto wa mke mdogo walisoma orodha ya watoto wa marehemu wakajikosa. Wote, hata mkubwa wao, fundi muashi aliyemuuguza baba huku wengine wakituma pole kwa simu. Muashi akauliza, akatukaniwa mama. Majembe yaliyokuwa yakifukia kaburi yakageukia vichwa vya watu. Muashi aling'olewa meno. Mdogo wake msimamizi, wa tumbo moja, alipasuliwa kichwa akakata roho juu ya kaburi la baba yake, na hakuna aliyekubali kusema jembe lilikuwa la nani.

Mama Kopi akaapa kwamba hakufuta kitu, ni kompyuta iliyoyameza. Msimamizi akatoa simu yake, akafungua faili lilelile, akaibamiza mezani. Majina yote yalikuwepo. Kama kwenye faili yapo, akauliza, na kwenye karatasi zako hayapo, kayatoa nani? Akamzaba kofi lililomlaza juu ya mashine ya kopi. Watu waliojaa mlangoni walikubaliana kwamba hapo hana pa kutokea. Muashi alikuwa miongoni mwao, kitambaa mdomoni, naye akasema avunjwe tu.

Mama Kopi akajizoa. Akaishika ile simu pale mezani, akafuta damu ya mdomo wake iliyoidondokea, akasoma. Hofu ilimtoka, hasira ikaingia, na hasira ilimfaa zaidi.

"Kompyuta yangu inasoma maandishi," alimwambia muashi. "Visanduku haivijui, inavitupa. Nyinyi hamkuwa kwenye orodha. Orodha ya watoto inaishia kwa huyo mdogo wao aliyekufa. Nyinyi mlichorewa kisanduku chenu, chini huku, pembeni. Mngeandikwa pamoja na wenzenu, mngetoka."

Muashi akaja akainama juu ya simu. Akawakuta wote, yeye na dada zake, ndani ya kisanduku kidogo, chini ya neno Wengine.

"Kaka," aliuliza polepole, kwa sababu ya meno, "hiki kisanduku ulikichora wewe?"

Kaka alishusha nyundo kwenye mkono wa Mama Kopi, uliokuwa bado umeishika simu.