Upande wa Kutazama

Mama alikuwa mgonjwa, na alichotaka kilikuwa kimoja: akifa, alazwe uso ukitazama kwao. Ukoo wa marehemu baba, hapa karibu na Lalago, hulazwa wakitazama kaskazini, upande wa ziwa, tulikotokea. Mama hakujua kwao ni wapi. Bibi yake aliletwa huku akiwa mtoto, wakati wa njaa, na hakuna aliyeweka akilini ametoka upande gani.

"Ng'ombe tulitoa," alisema baba mdogo, "kwa hiyo hata mifupa ni ya kwetu. Atalazwa kama sisi."

Nilitamani kumrushia kikombe cha chai.

Mwaka huo watafiti kutoka Dar walikuwa wakichimba kijiji cha kale kwenye shamba letu la pamba. Mimi ni mwalimu Bariadi. Likizo ilinikuta nikibeba ndoo za udongo pamoja na vibarua. Watu wale wa chini walikuwa wakulima kama sisi, na mawe yao ya kusagia bado yalikuwepo. Makaburi yao yote yalitazama kaskazini, isipokuwa moja. Lilikuwa la mwanamke. Alitazama mashariki, upande wa kijiji cha Lingeka, na kifuani alikuwa na chungu.

Mtafiti mkuu, mama mmoja mpole, alisema huenda aliolewa kutoka mbali: udongo wa chungu ni wa hapa, ila ufinyanzi ni wa kwingine. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natazama mdomo wa chungu, uliobonyezwa kwa kidole gumba kutoka ndani. Wafinyanzi wa kwetu hawafanyi hivyo. Mama tu ndiye hufanya, kama alivyofundishwa na bibi yake.

Kesho yake asubuhi nilimleta Mama kwa bodaboda. Baba mdogo alitufuata na baiskeli yake, aje acheke. Mama alichutama ukingoni mwa shimo, akapewa chungu, akaweka kidole gumba kwenye alama moja baada ya nyingine. Kiliingia kote. Kisha akamsalimu yule mwanamke kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Akanyamaza, kama unavyompa mwenzio nafasi ya kuitikia. Akatikisa kichwa. Akauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, na kila mara alinyamaza, pengine kidogo, pengine kwa muda mrefu, akiguna penye kuguna. Salamu zetu Wasukuma ni ndefu; hii ilikamilika yote. Vibarua walitoka shimoni mmoja mmoja. Mama akacheka kwa jambo ambalo sisi hatukulisikia.

"Wabeja," akashukuru, akainuka bila kushikwa mkono.

Baba mdogo hakucheka. Mama alipofariki, alishuka kaburini mwenyewe, akamgeuza uso mashariki, akatoka bila kututazama.

Lakini kabla ya hapo Mama alikuwa ameniomba jambo. Mifupa ya yule mwanamke ilishapelekwa Dar. "Nenda ukamwone," aliniambia. "Wamemlazaje?"

Nilikwenda. Mtunza stoo aliniletea boksi la fuvu. Mbavu zilikuwa kwenye boksi lingine. Nikamwomba nimgeuze atazame Lingeka.

"Geuza tu, mwalimu," akasema.

Nikasimama na lile boksi mikononi, katikati ya chumba kisicho na dirisha, nikalia, kwa sababu sikujua Lingeka iko upande gani.