Mtoto Ambaye Hakulia

Mimi ni mkunga wa zahanati, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sikuwahi kupenda mtu anifundishe kuzalisha. Ndiyo maana yule daktari kijana alipotujia huku kisiwani Mafia kutoka bara na utafiti wake wa watoto njiti, hawa wanaozaliwa kabla ya wakati, nilikaa nyuma kabisa ya chumba cha mafunzo, uso nimeukunja. Nilichaguliwa nimsaidie. Kila njiti atakayezaliwa kwetu nimwingize kwenye utafiti, na mama waliokwisha kupoteza watoto niwafuate majumbani, niwaulize yaliyowakuta.

"Kulia si kipimo," daktari alituambia. "Mapafu ya njiti ni mabichi. Anaweza kuwa hai na asitoe sauti hata moja. Shikeni kitovu."

Alikuwa na mwanasesere wa mpira. Akabana kwa vidole viwili pale kitovu kinapotokea tumboni, akasema mapigo ya moyo hupita hapo, na yakiwepo basi huyo ni mtoto hai. Na kwa kuwa kwenye zahanati nyingi mkunga huwa peke yake, mikono yote miwili iko kwenye kile kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, alitufundisha tumtumie yeyote aliyepo. Awe ndugu, awe mfagizi, ashike kitovu kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili agonge kitanda kila anaposikia pigo. Wewe utasikia kwa masikio, macho yako yabaki kifuani kwa mtoto.

Nilimnong'oneza mwenzangu kwamba sasa tumeingizwa kwenye ngoma. Tukacheka kwa kujificha kama wanafunzi watukutu. Lakini jambo lenyewe nililishika, maana lilikuwa na akili.

Kwenye kuwatembelea wale mama ndiko nilikopata taabu. Mimi ni mzaliwa wa Kanga, huku huku Mafia, desturi zetu nazijua, ila sikuwahi kuzisikia zikirudiwa mlango kwa mlango namna ile. Ukimuuliza mwanamke habari za mtoto aliyempoteza, kabla hujamaliza swali atakwambia alilia au hakulia. Aliyelia alikuwa mtu. Hupewa jina, huoshwa, huvikwa sanda, wanaume humswalia na kumpeleka makaburini, na watu huja kumpa mama pole. Asiyelia huitwa mimba iliyoharibika. Wanawake humfunga kwenye kipande cha khanga na kumzika uani, kimya kimya, na mama akipata nguvu kidogo hurudi kwenye jembe lake au mwani wake. Hakuna anayekuja kukaa naye. Walimu wetu wa dini ukiwauliza watakwambia alama yoyote ya uhai inatosha, lakini watu wamekamata kilio, kwa sababu kilio ndicho kinachosikika na waliosimama nje ya mlango. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka kwenye ziara hizo nina hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, ameolewa upande wa Ndagoni, aliyekuwa akija kwangu kliniki na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka mapema, zote nyumbani, na wote wawili hawakulia. Wamelala uani kwa mumewe, chini ya mstafeli. Alikuwa mwembamba, mcheshi, hodari wa kunitania. "Mama, hii nimeifunga kamba," aliniambia siku moja, akajipiga tumbo taratibu. Presha yake ilikuwa ikipanda, sikuipenda. Nikamwambia akisikia hata kidole kikimuuma aje, nimpeleke hospitali mjini mapema. Akaniapia kwamba atakuja.

Uchungu ulimshika mapema mno, tumbo bado dogo. Na kwetu uchungu hautangazwi. Wanasema ukijulikana na watu wengi huchelewa, kila anayejua ni kama kaukalia njia. Basi akateka maji na uchungu wake, akapika nao, akamwambia wifi yake peke yake, dada wa mumewe, na hata huyo alimwambia wakati amekwisha kushindwa kusimama. Walipopanda pikipiki chupa ilikuwa imeshapasuka. Walifika kwangu asubuhi, jua limeanza kuchoma. Nilipompima nikaona safari ya mjini haipo tena, mtoto yuko mlangoni.

Nilimfokea. Kwa nini hukuja? Akanishika mkono tu, akasema, "Mama, nisamehe, niangalizie huyu."

Alizaliwa mvulana. Nimeona njiti wengi, lakini yule alikuwa mdogo kiasi kwamba kitambaa cha kumfutia kilimmeza. Hakulia. Nikamfuta, nikamsugua mgongo, hakulia. Nikachukua kifaa cha hewa, nikamwita wifi aliyekuwa amejibanza ukutani, khanga kaishika mdomoni.

"Njoo. Shika hapa kwenye kitovu. Unasikia kitu?"

"Nasikia."

"Kila kikipiga, gonga kitanda kwa kidole. Usiache mpaka nikwambie."

Akaanza kugonga. Mimi napuliza, naangalia kifua kile kikipanda na kushuka kwa hewa yangu, na chumba kizima hakina sauti nyingine ila kidole cha yule mwanamke kwenye ubao wa kitanda. Mara moja mtoto alifunua mdomo mwenyewe, kama samaki aliyewekwa mchangani, nikadhani sasa atavuta. Hakuvuta. Kidole kikaanza kukawia. Nikabadilisha mkao wa kichwa, nikapuliza tena, nikamwomba Mungu kwa sauti. Kidole kikagonga, kikakaa, kikagonga, halafu hakikugonga tena. Niliendelea kupuliza muda mrefu baada ya hapo, kwa ukaidi tu.

Wifi alitoka nje kujifuta uso. Kulikuwa na wanawake barazani wanasubiri kliniki, wakamuuliza lile swali letu: kalia? Akasema, "Hakulia." Hakusema uongo. Lakini neno likishatoka ni maji yaliyomwagika. Simu ikapigwa, na kabla sijamaliza kumshughulikia mama na damu yake, huko nyumbani watu walikuwa wameshachukua jembe na kwenda chini ya mstafeli.

Binti mwenyewe aliniuliza, "Kalia?"

Nilimweleza kama ilivyokuwa. Kwamba hakulia, lakini alikuwa hai, moyo wake ulipiga, tena ulipiga muda, na wifi yake aliushika kwa vidole vyake. Akanitazama sana. Nilitegemea alie. Badala yake akasema, "Basi aswaliwe." Akasema tena, "Wale wawili waliwatia shimoni kama mtu anafukia mbegu za maboga. Huyu sitaki, mama. Huyu aswaliwe, apewe jina. Nenda ukawaambie."

Waliokuja kumchukua mtoto walikuwa wawili: mumewe, kijana asiyepandisha macho, na baba mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye msemaji wa nyumba ile. Mtu wa minazi, ana mashamba mpaka karibu na Ras Kisimani, na watu wakimuogopa kidogo. Alikuja na kipande cha khanga kimekunjwa chini ya kwapa. Niliwakuta barazani, chini ya dirisha la wodi alimolala yule binti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Tupe amana yetu, jua lisitukalie."

"Baba, huyu mtoto ni wa kuswaliwa."

"Nimeambiwa hakulia."

"Hakulia. Lakini alikuwa hai. Moyo wake ulikuwa ukipiga."

Akaihamisha ile khanga kwapa la pili. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Mwanangu," akasema, "swala si zawadi ya kumliwaza mzazi. Ningekuwa naweza kumliwaza nayo mkwe wangu ningeswali tangu yule wa kwanza. Lakini nikisimama kumswalia ambaye hakuishi, nitakuwa nacheza na dini. Wewe una huruma, tunakujua. Na huruma humtia mtu maneno kinywani. Nani mwingine aliyesikia?"

Nilitamani kumjibu vibaya, na sikuweza, kwa kuwa alisema kweli. Sisi wakunga husema mengi ya kuliwaza. Nikamgeukia wifi, aliyekaa kwenye benchi kajiinamia.

"Mwanangu, mle ndani ulishika nini?"

"Kitovu."

"Kilikuwaje?"

"Kilikuwa kinapiga."

Mzee akamkazia macho. "Mbona ulisema hakulia?"

"Waliniuliza kama kalia, baba mkubwa. Hawakuniuliza kingine."

"Kilipigaje?"

Wifi akatazama vidole vyake, halafu akanyoosha mkono na kugonga ubao wa benchi kwa kidole kimoja, kama nilivyomwamuru mle ndani. Akagonga, na akagonga tena, bila haraka. Ndani ya dirisha, yule binti aliyekuwa akiguna kwa maumivu akaacha kuguna, akasikiliza. Wifi aliendelea, macho kayafumba, na nikatambua kwamba hatubahatishii, anakumbuka. Alikawia pale pale alipokawia mtoto. Akagonga, akakaa, akagonga, kisha kidole kikabaki juu hewani, hakikushuka. Mle ndani nilikuwa naangalia kifua cha mtoto, sikuona uso wa aliyeshika. Sasa niliuona, na machozi yakanitoka mbele za wanaume, sikujali.

Mzee akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Nilijua kwamba tangu alipopigiwa simu alikuwa hajaitamka. Akamwambia kijana wake apige simu nyumbani, waache lile shimo la uani, kaburi likachimbwe makaburini, na mtu apelekwe dukani kutafuta bafta ya sanda. Kisha akauliza jina.

Mume hakuwa amesema neno tangu afike. Akasogea dirishani, akaongea na mkewe kwa sauti ya chini, halafu akarudi na jina. Sitaliandika. Nilifurahi, kusema kweli. Nilisimama pale nikiwa na furaha kabisa, mtoto kafa na mimi nina furaha, nikiona tumeshinda.

Hapo ndipo binti akaita kutoka ndani. "Baba mkubwa."

"Naam, mwanangu."

"Na wale wawili je?"

Mumewe aliangalia chini. Wifi akaurudisha mkono wake ndani ya khanga.

"Na wenyewe hawakulia tu," yule binti akasema. "Nani aliwashika?"

Wanaume walimchukua mtoto wao wakaondoka, mzee kampakata, ile khanga aliyokuja nayo kaiacha kwenye benchi. Walimswalia alasiri. Maziwa ya mama yake yalikuja wakati bado yuko wodini, yakalowesha gauni lake lote, na ilibidi nimfunge kifua kwa kitambaa.

Baadaye nilimfuata kwao, maana na yeye yumo katika utafiti, na utafiti una maswali yake juu ya mimba zilizotangulia. Nilimkuta kakaa uani, mgongo kauegemeza kwenye mstafeli. Alikuwa amekondeana, lakini alinikaribisha vizuri, akanitania kwamba nimekuja na mikaratasi yangu. Nikamuuliza ya kwanza ilitoka lini, ya pili lini, akanijibu. Kisha nikafika kwenye lile swali la kama mtoto alikuwa hai alipozaliwa, nikasita.

"Uliza tu, mama," akasema.

Nikauliza.

Akaweka kiganja chake chini, kwenye udongo kando yake, akakaa nacho hapo kidogo kama mtu anayesikiliza.

"Andika hivi," akasema. "Andika, hakuna aliyeshika."